UZI: Siri ya nyambizi ikishavuja nani anairudisha? Scorpene, Walker, Kursk na wengine

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Kila mjadala wa nyambizi ukianza watu wanabishania makombora, nani anayo mangapi na yanafika wapi. Mimi naona tunabishania kitu ambacho wala sio siri. Kombora likijaribiwa dunia nzima inaliona likiruka. Siri ya nyambizi ni mlio wake. Ikitembea polepole inalia vipi, ikiongeza mwendo inalia vipi, pampu gani ndo inasikika, inazama mpaka kina gani, inakaa chini muda gani kabla haijatoa bomba la hewa juu. Kule chini rada haifanyi kazi na macho hayafiki mbali, maji yanameza mwanga na mawimbi ya redio, ila sauti inasafiri humo kwa kasi zaidi ya mara nne ya hewani na inaenda mbali sana. Kwahiyo vita ya kule ni ya masikio. Ukimsikia mwenzako kabla hajakusikia, umemmaliza.

Ukishaelewa hapo utaelewa kwa nini kuna uvujaji unaoniumiza kichwa kuliko mwingine. Mimi hizi siri nazigawa mafungu mawili. Kuna siri unayoweza kuibadilisha, mfano funguo za kusimba ujumbe wa redio (kuuficha ili adui akiunasa asiusome) au ratiba ya doria, imevuja leo kesho unaweka nyingine. Alafu kuna siri iliyochomelewa ndani ya chuma: mlio wa chombo, umbo la propela, kina cha mwisho ambacho bodi inahimili, kinu cha nyuklia kimepangwaje. Hiyo ikitoka imetoka. Nyambizi inachukua miaka kujengwa na inatumika miaka thelathini huko, huwezi kuivua bodi ukaivalisha nyingine.

Mfano ulionifanya nianze kufuatilia haya mambo ni wa nyambizi za aina ya Scorpene. Agosti 2016 gazeti la The Australian lilitoka na habari kwamba limeona kurasa zaidi ya 22,400 za nyambizi ambazo kampuni ya Ufaransa ya DCNS, siku hizi inaitwa Naval Group, ilizisanifu kwa ajili ya India. Nyambizi sita, zilijengwa Mumbai kwenye karakana ya Mazagon Dock. Na sio kurasa za matangazo ya biashara. Kurasa 4,457 za vifaa vya kusikilizia chini ya maji, 4,209 za vifaa vya kuona juu ya maji, 4,301 za mfumo wa kuendeshea mapigano, 493 za mfumo wa kurushia torpedo (kombora linalosafiri ndani ya maji), 6,841 za mawasiliano na 2,138 za kuongozea chombo. Humo ndani kuna kelele inayotolewa kwenye kila mwendo, kina cha kuzama, masafa ya redio ya kukusanyia taarifa. Yaani mtu akuandikie kitabu cha namna ya kukuua, kurasa elfu ishirini na mbili.

Zilitokaje? Kwa mujibu wa gazeti lenyewe zilitolewa Ufaransa mwaka 2011 na mtu aliyewahi kuwa afisa wa jeshi lao la majini ambaye wakati huo alikuwa mkandarasi mdogo wa DCNS, zikapelekwa kwenye kampuni moja Asia ya Kusini Mashariki, alafu 2013 zikatumwa Sydney ndani ya diski kwa posta ya kawaida. Posta ya kawaida wakuu. Kitu ambacho mabaharia wa nyambizi sita watalala juu yake miaka yote hiyo kilipita kwenye mikono ya watu wanaogawa barua.

Gazeti lilificha sehemu nyeti kabla ya kuchapisha, na jeshi la majini la India lilisema kilichowekwa hadharani hakina hatari ya moja kwa moja. DCNS wao wakaenda mahakamani Australia wakapata amri ya kulizuia gazeti lisichapishe zaidi. Mimi hilo nalielewa, ila nauliza swali jepesi: gazeti la mwisho kushika ile diski tunalijua, je waliotangulia kuishika kati ya 2011 na 2016 walikuwa wangapi? Amri ya mahakama inamzuia mwenye gazeti, haimzuii mtu aliyekwisha nakili.

Chombo cha kwanza cha mradi huo, INS Kalvari, kiliingia kazini Desemba 2017, mwaka mmoja na miezi baada ya habari kutoka. Kiliingia na chuma kilekile.

Karibuni tuchangie, ila tafadhali tuje na hoja.

#2

Mkuu uzi mzuri. Swali, kwani si wabadilishe propela tu mlio ukawa mwingine? Gari ikipiga kelele tunabadilisha bomba maisha yanaendelea.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu #2, propela ni chanzo kimoja tu, na kweli ni kikubwa mwendo ukipanda. Propela ikizunguka kasi sana maji yanachemka kwenye makali yake, sio kwa joto bali kwa mgandamizo kushuka, vinatokea viputo vinavyopasuka, na kila kiputo kikipasuka kinapiga kelele. Ndo maana umbo la yale mapanga linafichwa kama nini, nyambizi ikiwa nje ya maji utaona wanaifunika turubai nyuma. Mwaka 2007 watu walishangaa kukuta kwenye ramani za intaneti picha ya nyambizi ya Marekani ya aina ya Ohio ikiwa kwenye gati kavu kule Bangor, jimbo la Washington, propela iko wazi kabisa imepigwa kutoka angani.

Ila ndani mle kuna pampu, gia, jenereta, feni, mabomba ya maji, na kila kimoja kina sauti yake na inapita kwenye bodi mpaka majini. Wanazifunga mashine juu ya raba na majukwaa yanayoelea ili mtikisiko usifike kwenye bodi. Sikio la sonari, yaani mtambo wa kusikilizia chini ya maji, halisikii "kelele" kwa ujumla, linachora mistari ya masafa, na ile mistari ni kama alama za vidole. Ukibadilisha propela umebadilisha kidole kimoja, vingine tisa viko palepale.

Na kama unataka kujua propela ina thamani gani tazama sakata la Toshiba. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kampuni tanzu ya Toshiba iliwauzia Wasovieti mashine za kuchongea chuma zenye mihimili tisa, na Kongsberg ya Norway ikatoa vifaa vya kompyuta vya kuziongoza, kinyume na masharti ya nchi za Magharibi ya wakati ule. Mashine za namna hiyo zinachonga propela kwa usahihi mkubwa. Ilipojulikana 1987, wabunge wa Marekani walitoka nje ya bunge lao na nyundo wakaivunja redio ya Toshiba mbele ya kamera, na mwenyekiti na rais wa Toshiba wakajiuzulu. Kisa mashine ya karakana.

#4

Mleta uzi hapo kwenye mafungu mawili nakupinga kidogo. Umesema funguo zikivuja unabadilisha kesho. John Walker je? Funguo za jeshi la majini la Marekani zilikuwa zinabadilika kila siku na bado jamaa aliwauza miaka 17. Kwahiyo hata hiyo siri ya "kubadilika" haikubadilika kitu.

#5 Mleta uzi

#4 umenibana mahali penyewe, na nakubali. Ngoja niieleze vizuri kwa ambao hawaijui, ni ndefu kidogo.

John Anthony Walker alikuwa mtu wa mawasiliano kwenye jeshi la majini la Marekani, alishafanya kazi kwenye nyambizi, na alikuwa ana madeni. Mwishoni mwa 1967 akaingia kwa miguu yake kwenye ubalozi wa Soviet pale Washington na orodha ya funguo mkononi. Ieleweke mashine ya kusimba ni kitu kimoja na funguo ni kingine. Mashine ni kufuli, funguo ni ile mipangilio ya siku husika. Ukiwa na moja bila nyingine haikusaidii sana. Sasa Januari 1968 Korea Kaskazini ikaiteka meli ya kijasusi ya Marekani, USS Pueblo, ikiwa na mashine za kusimba ndani. Wamarekani wakajiambia sio mbaya sana, mashine wanazo ila funguo tunabadilisha. Kumbe funguo za kila siku zinauzwa na mtu wao. Kufuli na funguo vikakutana upande wa pili.

Akaendelea hivyo. Alipostaafu akamuingiza rafiki yake Jerry Whitworth, kaka yake Arthur, na mwanae wa kumzaa Michael ambaye alikuwa baharia kwenye USS Nimitz. Inakadiriwa ujumbe zaidi ya milioni moja ulisomeka. Wasovieti kupitia huko wakaelewa kwamba nyambizi zao zinafuatwa kirahisi kwa sababu zinapiga kelele, na baada ya hapo nyambizi zao mpya zikaja kimya kuliko zilizotangulia. Yaani siri ya funguo ikawazindua wakarekebishe chuma chao.

Kilichomwangusha sio mitambo. Ni mke wake wa zamani, Barbara, aliyepiga simu FBI Novemba 1984, na mara ya kwanza taarifa yake ilipokelewa ikawekwa pembeni kama maneno ya mwanamke mlevi mwenye hasira na mumewe. Miezi ikapita mpaka mtu mwingine alipoisoma upya.

Usiku wa kukamatwa kwake huwa naufikiria sana. Mei 19, 1985, Walker anaendesha gari vijijini Maryland kuweka mfuko wa nyaraka za Nimitz chini ya mti. Alama waliyokubaliana ni kopo tupu la soda ya 7-Up pembeni ya barabara, kumwambia Mrusi kwamba mzigo umeshawekwa. FBI wanaomfuatilia wakaliokota lile kopo. Mrusi kaja na gari, kapita, kopo halioni, karudi zake. Walker kaenda kuchukua hela hakuna hela. Akazunguka gizani, akarudi hotelini kwake Rockville hajui kimetokea nini. Kama saa tisa na nusu usiku simu ya chumbani ikalia, mtu wa mapokezi anamwambia samahani gari lako limegongwa huko nje. Kashuka na bastola, akakutana nao kwenye korido karibu na lifti. Yeye alihukumiwa maisha, amefia gerezani 2014. Mwanae alikula miaka 25.

Kwahiyo #4 narekebisha kauli yangu: siri ya funguo inabadilishika pale tu unapojua kwamba imevuja. Usipojua, kubadilisha kila siku ni kumpelekea adui gazeti jipya kila asubuhi.

#6

Ongezeni na Ronald Pelton hapo. Wapiga mbizi wa Marekani kutoka USS Halibut walitega kifaa kwenye waya wa simu wa jeshi la Soviet chini ya bahari ya Okhotsk mwanzoni mwa miaka ya 70, wakawa wanarudi kuchukua kanda za maongezi. Kazi ya hatari kwenye maji ya barafu. Pelton aliyekuwa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, akafilisika, Januari 1980 akaenda ubalozi wa Soviet kuwaambia, jumla alilipwa kama dola 35,000. Mwaka uliofuata Wasovieti wakakitoa kifaa. Dola 35,000 aisee kwa kazi ambayo watu waliganda kwa ajili yake.

#7

Mimi nina mtazamo tofauti na wengi humu, naomba msinishambulie. Mnaongea kama vile kila siri ya nyambizi ni takatifu. Siri hizohizo ndo zinatumika kuficha uzembe wa wakubwa. Chukueni Kursk, nyambizi ya Urusi.

Agosti 12, 2000, mazoezi kwenye bahari ya Barents, torpedo inayotumia haidrojeni peroksaidi ikalipuka ndani ya chombo, na dakika mbili na kidogo baadae mlipuko wa pili mkubwa zaidi. Vituo vya mitetemeko ya ardhi Norway vilivinasa vyote viwili. Watu 118 walikuwa ndani. Wakubwa wakaanza kutoa maelezo yanayogongana, mara chombo kimetua chini kwa hitilafu, mara tuna mawasiliano na waliomo, mara kimegongwa na nyambizi ya kigeni. Uingereza na Norway zinasema tuko tayari kusaidia, jibu linacheleweshwa siku kadhaa. Agosti 21 wapiga mbizi wa Norway ndo walifungua mlango wa nyuma, wakakuta maji.

Baadae ikapatikana karatasi ya afisa Dmitri Kolesnikov. Alikuwa ameandika saa, 13:15, kwamba wote wa vyumba vya sita, saba na nane wamehamia cha tisa, tuko 23 hapa. Alikuwa anaandika gizani. Huku juu mama mmoja wa baharia amesimama kwenye mkutano anamfokea naibu waziri mkuu, akaja mtu nyuma yake na sindano ya kumtuliza, mbele ya kamera, akadondoka. Hiyo nayo tuite usalama wa taifa?

#8 Mleta uzi

#7 hakuna wa kukushambulia, hoja yako nzito na mimi niko upande wako. Niongeze tu kwa haki kwamba uchunguzi wa Urusi ulisema wale 23 waliishi masaa machache tu, kwahiyo inawezekana hata msaada ungekubaliwa siku ya kwanza wasingewahiwa. Ila hilo halimsafishi aliyesema tunawasiliana nao. Familia zilikaa zaidi ya wiki zinasubiri watu ambao tayari wamekufa. Torpedo ile ilikuwa na siri gani ya kulinda? Ile kemikali Waingereza waliachana nayo toka miaka ya 50 baada ya nyambizi yao Sidon kulipuka bandarini 1955. Kilicholindwa pale ni aibu.

Na sio Warusi peke yao. Nyambizi ya Marekani USS Thresher ilizama Aprili 1963 na watu 129. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za uchunguzi zilikaa kabatini zaidi ya nusu karne mpaka nahodha mmoja mstaafu wa nyambizi akaenda mahakamani, na zikaanza kutolewa kwa awamu kuanzia 2020. Watoto wa wale mabaharia walishakuwa wazee.

Mimi kipimo changu ni hiki. Adui akiijua hii habari, atapata nini cha kumuua baharia? Kama jibu ni mlio, kina, masafa, doria, basi ifungiwe na aliyeivujisha afungwe. Kama jibu ni kwamba atajua bosi fulani alizembea, hiyo sio siri ya jeshi.

#9

Sasa huyo wa sandwichi mbona hamjamtaja? Mimi ile ilinishinda kuamini mpaka nikasoma ya mahakamani.

#10 Mleta uzi

Nilikuwa naelekea huko #9. Jonathan Toebbe, mhandisi wa nyuklia wa jeshi la majini la Marekani, mtu mwenye kazi nzuri, mke wake Diana mwalimu, watoto wawili. Aprili 2020 katuma bahasha kwa nchi ya kigeni akiwaambia anauza siri za kinu cha nyambizi za aina ya Virginia. Baadae gazeti la New York Times liliandika kwamba nchi hiyo ni Brazil. Wale hawakununua, Desemba wakaikabidhi bahasha kwa FBI, na kuanzia hapo Toebbe alikuwa anaandikiana na FBI akidhani anaandikiana na wateja.

Jamaa alikuwa muangalifu kweli. Aliandika kwamba alikuwa anatoa nyaraka kidogokidogo kwa miaka, kurasa chache kila mara, ili asishtukiwe kwenye ukaguzi. Malipo alitaka kwa sarafu ya kidijitali ya Monero. Juni 2021 wakaenda West Virginia kama watu wanaotembea milimani, yeye akaweka kitu kwenye sehemu waliyokubaliana na mke wake kasimama anaangalia njia. FBI walipokuja kuchukua wakakuta nusu sandwichi ya siagi ya karanga, na katikati ya mikate miwili kuna memori kadi imefungwa nailoni. Ile siagi bado iko vilevile. Kadi nyingine aliiweka kwenye karatasi ya plasta ya kidonda, nyingine kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna. Walimlipa 10,000 za kuonesha nia njema, alafu 20,000, alafu 70,000. Laki moja ya dola kwa kinu kilichosanifiwa kifanye kazi miaka 33 bila kujazwa mafuta.

Oktoba 2021 wakakamatwa. Hakimu aliyakataa makubaliano ya mwanzo ya wao kukiri kosa akaona adhabu ni ndogo, na Novemba 2022 mume akapata zaidi ya miaka 19 na mke karibu 22, yeye akizidishiwa kwa sababu alijaribu kumtumia mumewe barua kutoka jela akimwelekeza aseme mke hakuhusika. Watoto wao wawili sijui mnawafikiriaje, mimi huwa nawafikiria hao kuliko wazazi.

Kinachoniogopesha hapo ni kwamba bahasha iliangukia nchi iliyoamua kuirudisha. Hakuna mtambo uliomgundua. Ingeangukia kwa mwingine leo tungekuwa hatujui.

#11

Alafu kuna wanaovujisha bila hata kuuza. Yule mbunge wa Marekani, Andrew May, 1943 katoka ziara ya Pasifiki anawaambia waandishi kwamba nyambizi zetu zinapona kwa sababu Wajapani wanatega mabomu yao ya majini yalipuke juujuu, hawajui tunazama mpaka wapi. Magazeti yakachapisha. Wajapani wakaanza kutega kina zaidi. Admirali Lockwood aliyekuwa anaongoza nyambizi za Pasifiki alikuja kusema ile kauli ilimgharimu nyambizi 10 na watu 800. Kuna wanahistoria hawakubali hesabu yake, ila yeye ndo alikuwa anapokea majina ya ambao hawakurudi.

#12 Mleta uzi

Safi sana #11, na siku hizi hata mdomo hauhitajiki. Januari 2025 Le Monde la Ufaransa lilionesha kwamba wanamaji wa Île Longue, kituo cha nyambizi zao za makombora ya nyuklia, walikuwa wanakimbia mazoezi ndani ya kituo na saa zinazotuma kwenye programu ya kurekodi mazoezi ya Strava, akaunti ziko wazi kwa kila mtu. Simu haziruhusiwi sehemu zile, ila saa ya mkononi ilipita. Unachofanya ni kuangalia tu, kundi la watu wanakimbia kila siku, ghafla wote wamenyamaza wiki nyingi, alafu wote wanaanza tena pamoja. Umeshapata ratiba ya doria bila kumhonga mtu.

Julai 2023 Stanislav Rzhitsky, aliyewahi kuwa nahodha wa nyambizi ya Urusi, alipigwa risasi Krasnodar akiwa anakimbia asubuhi. Njia zake za kukimbia zilikuwa Strava.

Na picha pia. Kristian Saucier, baharia kijana wa USS Alexandria, 2009 alipiga picha sita kwa simu yake sehemu ya kinu. Simu ikaja kuokotwa 2012 kwenye jaa la taka Connecticut. Akala mwaka mmoja jela, Trump akamsamehe 2018. Hakuna ushahidi kwamba alimpa mtu. Lakini simu ilikuwa jalani wakuu, aliyeokota angeweza kuwa yeyote.

#13

Mleta uzi na wewe si unavujisha humu? Na je, ina maana hakuna siri ya majini iliyowahi kutunzwa mpaka mwisho?

#14 Mleta uzi

Kila nilichoandika kipo kwenye rekodi za mahakama na magazeti, #13, hakuna namba ya mlio wala kina hapa na sitaiweka hata nikiipata. Na nawaomba wale wanaofanya kazi kwenye vyombo, najua mpo mnasoma kimya, msije kuweka picha humu ili kumshinda mtu kwenye ubishi. Ilishatokea kwenye jukwaa la mchezo wa kompyuta wa War Thunder, 2021 mtu kaweka kurasa za mwongozo wa kifaru cha Uingereza ili waliotengeneza mchezo wakirekebishe.

Swali lako la pili ndo zuri. Ipo.

Oktoba 30, 1942, mashariki ya Mediterania, manowari za Uingereza zimeipiga nyambizi ya Kijerumani U-559 mpaka ikaibuka usiku. Wajerumani wakaruka majini wakiamini inazama na kila kitu. Kutoka HMS Petard, luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier wakaogelea mpaka pale wakaingia ndani, maji yanajaa, wakawa wanatoa vitabu vya siri vya mawasiliano. Kijana wa kantini, Tommy Brown, umri miaka 16 na alishadanganya umri ili aende baharini, akawa anapokea vitabu ngazini anavipitisha kwenye boti. Alishuka na kupanda. Akawaita watoke. Chombo kikazama ghafla na Fasson na Grazier humo ndani, Brown akaruka.

Vile vitabu vilifika Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja siri za ujumbe wa adui, Novemba, na Desemba 13 wakaanza tena kusoma ujumbe wa nyambizi za Kijerumani za Atlantiki baada ya miezi kumi ya giza. Hapo ndo penye jibu la #4 pia: Wajerumani wangejua wangebadilisha. Hawakujua, kwa sababu kila Muingereza aliyekuwepo usiku ule alifunga mdomo. Vita ikaisha, bado wamefunga. Habari za kuvunjwa kwa siri za Enigma, mashine ya kusimba ya Wajerumani, zilikuja kutoka hadharani 1974.

Fasson na Grazier walipewa nishani ya George Cross, Brown akapewa George Medal. Familia hazikuambiwa walikuwa wanatoa nini mle ndani. Nishani yenyewe ndo iliyofichua umri wa Brown, akaondolewa kwenye Petard. Alikufa Februari 1945 nyumba yao ilipoungua, akijaribu kumtoa mdogo wake wa kike. Alikuwa na miaka 18. Alikuwa ameshika vitabu vile kwa mikono yake na hakuna aliyekuja kumwambia vilifanya kazi gani.